Kidonda Kisicho na Usaha

Ninyi mnaofanya kazi labo siku hizi mnaingiza damu ndani ya mashine, mnabonyeza, mnaenda kunywa chai, na mkirudi karatasi imeshatoka na namba zake. Siionei wivu mashine. Ninaionea wivu chai. Sisi tulizihesabu seli nyeupe za damu kwa macho, moja baada ya nyingine, jicho kwenye hadubini na mkono wa kulia ukiokota maharagwe.

Ndiyo, maharagwe. Mama Kavira, aliyenifundisha kazi, alikuwa na bakuli la bati na sahani tupu. Ukiona netrofili unatoa harage jekundu kwenye bakuli unaliweka kwenye sahani. Ukiona limfositi, la njano. Monositi, jeusi. Eosinofili, lile la madoadoa. Ukifika mia unaacha, unagawanya rundo kwa rangi, unaandika. Wageni kutoka Ulaya walipita wakacheka, wakapiga picha. Mwaka mmoja walituletea kifaa cha kuhesabia chenye vitufe. Kikafa kabla ya mvua za kwanza. Maharagwe hayakufa, ila wakati wa njaa tuliyala na kutafuta mengine.

Mimi sikusoma. Niliacha shule ya msingi, primaire, mwaka wa tano, si kwa umaskini tu. Makalio yangu hayakujua kukaa. Nilisukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, na viazi kutoka Kibati, nilipakia mizigo kwenye boti za Bukavu, nilichimba madini kidogo huko Masisi, nikarudi kuuza makala, yaani makaa ya kupikia. Makala ndiyo yaliyonifikisha labo. Kituo chetu cha afya hapa Goma kilichemshia vyombo vyake kwa makala, na mimi nilipeleka magunia. Siku moja nikamkuta Mama Kavira, mwanamke mfupi wa Kinande, mtu wa Butembo, ameinama juu ya chuma kama anayechungulia kisima.

"Mama, uko natafuta nini mule ndani?"

"Natafuta bajinga kama weye," akasema bila kuinua kichwa. "Batu banatembea bila kujua kwenye banaenda."

"Na unabaona?"

Hapo akaniangalia. Mikono yangu ilikuwa myeusi mpaka kwenye kiwiko. Akanipa kikopo. "Kohoa. Ile ya chini kabisa, hapana mate ya mudomo."

Nikakohoa. Akapaka kwenye kioo, akapitisha dawa zake, akanivuta kwa kola. Nikaona kitu kikubwa cha duara, cha rangi ya zambarau, na tumbo lake lote limejaa nukta nyeusi.

"Unaona? Ile inaitwa makrofaji. Kazi yake kukula. Kila uchafu wenye unaingia ndani ya mapafu, ye anaumeza. Sasa amemeza makala yako, na haiwezi kuisaga. Atakufa nayo kwa tumbo, na ingine itakuya kumumeza ye pamoja na makala yake."

Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu ndani yangu anayefanya kazi ngumu kuliko mimi. Nikauliza alilipwa nini. Mama Kavira akacheka mpaka akashika meza. Kesho yake nilirudi bila gunia. Nikaosha chupa, nikafuta sakafu, nikauliza maswali mpaka akachoka kunifukuza, akanifundisha. Kila mahali pengine nilikokwenda duniani niliondoka. Pale nilikaa mpaka uzee.

Nitawaambia kile nilichokijua kuhusu hizi seli, maana mnazipitisha kwenye mashine bila kuzisalimia. Netrofili ndiyo ya kwanza kufika. Kiini chake kimekatika vipande vitatu, vinne, kama viazi vidogo vilivyofungwa kwa uzi mmoja. Inazaliwa ndani ya uboho wa mifupa, inazunguka katika damu kama siku moja hivi, na ikisikia mahali pameingia vijidudu inajipenyeza ukutani mwa mshipa, inakimbilia pale, inameza inachoweza, inakufa. Usaha mnaouchukia ndio maiti zao. Mkiona usaha, jueni kuna waliokufa kwa ajili yenu, na hakuna aliyewaimbia.

Inajuaje adui? Hilo nilimuuliza Dokta Innocent, kijana wa Rutshuru aliyeletwa kwetu miaka ya baadaye, mtu mpole aliyependa kuchora kwenye karatasi za dawa. Alinichorea seli kama kichwa chenye nywele. Akasema kila unywele ni kipokezi. Kipokezi kinapapasa. Vijidudu vina ngozi ya mafuta na sukari ambayo mwili wa mtu hauna kabisa, na baadhi vina mikia ambayo sisi hatuna. Kipokezi kikigusa kitu cha namna hiyo, kinapiga kelele ndani ya seli, na kazi inaanza.

"Nani alikifundisha?" nikauliza.

"Hakuna, muzee. Kinazaliwa kikijua."

Mama Kavira akadakia kutoka kwenye sinki: "Basi iko kama huyu Safari wetu. Ata primaire haikumaliza."

Tulicheka. Lakini niliporudi nyumbani Katindo nililiwaza jambo lile kwa uchungu. Nimesimama kwenye vizuizi vingi maishani, vya jeshi, vya waasi, vya waasi wa waasi. Kila mara mtu mwenye bunduki ananitazama pua, ananitazama urefu, ananiuliza baba yangu alizaliwa kijiji gani. Netrofili haiulizi baba wa mtu. Inashika kile ambacho hakiwezi kuwa cha mwili huu, basi. Kitu kidogo kisicho na ubongo kina akili hiyo, na sisi tumezikana kwa sababu ya pua.

Dokta Innocent alinikatiza ndoto ile pia, maana hakupenda kudanganya. Alisema hata vipokezi vinakosea. Seli za mwili zikipasuka, yaliyomo ndani yakimwagika, kelele ni ileile kana kwamba adui ameingia. Nilikumbuka watu walioungua na lava katika mlipuko wa kwanza wa mlima wetu wa moto, Nyiragongo. Tuliwapima damu, netrofili zimejaa kama soko la Virunga siku ya Jumamosi, homa kali, na kijidudu hatukioni. Mwili ulikuwa unapigana wenyewe kwa wenyewe. Goma mtu hapati shida kulielewa jambo hilo.

Huo mlipuko wa kwanza ndio uliotufundisha maji. Sikilizeni hapa, ni ufundi ambao hamtaukuta kitabuni.

Rangi ya Giemsa, ile tunayotia kwenye vioo ili seli zionekane, inataka maji yasiyo makali upande wowote. Kabla ya lava kukata mji vipande viwili, tulikuwa na maji ya chupa kubwa na vidonge vyake vya kuyasawazisha. Lava ilipopita, bohari iliungua, barabara zikafa, tukabaki na maji ya ziwa. Mimi nikapaka vioo vyangu, nikaviosha kwa maji ya ziwa, nikaangalia. Kila netrofili ilikuwa na nukta nzito nyeusi, kama unavyoziona kwa mtu anayekufa kwa sumu ya vijidudu kwenye damu. Mgonjwa wa kwanza vile, wa pili vile, wa tatu vile. Nikakimbia.

"Mama! Batu bote banakufa!"

Akaja, akaangalia, akaweka tone la damu ya kidole changu mimi kwenye kioo kingine, akakiosha kwa maji yaleyale.

"Na weye unakufa pia. Pole sana. Utaniachia ile radio yako?"

Ziwa letu lina magadi. Linafanya kila kitu kuwa cha buluu na kizito. Tukajaribu mvua. Mvua ya Goma nayo inapita kwenye moshi wa Nyiragongo kabla ya kutufikia, inashuka na ukali wa ndimu. Vioo vikawa vyekundu, viini vikafifia kama nguo iliyofuliwa mno. Mama Kavira alikaa siku nzima na vikombe, ziwa hapa, mvua pale, akichanganya kama mtu wa kupima pombe, mpaka seli nyekundu zikawa na rangi ya waridi lililonyauka, ambayo ndiyo rangi yake halali. Tangu siku ile labo yetu ilikuwa na madumu mawili. Mlima ulitupa ugonjwa wa rangi na dawa yake.

Na kulikuwa na somo la pili katika mzaha wake wa radio: ukiona kitu kisichowezekana, weka damu yako pembeni, ioshe kwa maji yaleyale. Damu yako ndiyo shahidi wako.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Miaka mingi ilipita, waasi waliingia, wakatoka, wengine wakaingia. Tulizeeka. Mama Kavira akawa na jino bovu. Kwetu mtu haendi kung'oa jino mapema, anameza vidonge. Yeye alimeza dipirone, ile dawa ya maumivu na homa inayouzwa kila kona kama karanga. Wengi wanaimeza na hakuna kinachowapata. Alimeza kwa wiki nyingi. Mwishowe jino likang'olewa, na shimo likabaki kwenye ufizi.

Homa ikapanda. Malaria hakuna. Koo likawa na vidonda vya kijivu. Dada yake mkubwa, Mama Masika, kiongozi wa kikundi cha sala parokiani, alimfungua mdomo akachungulia shimo la jino.

"Mungu asifiwe," akasema. "Kidonda kiko kikavu. Ata usaha haina."

Mama Kavira alifunga kanga yake, akaja labo kwa miguu, akaketi kwenye kiti changu.

"Safari, nitoe damu."

"Pumuzika, Mama. Dokta atakuya."

"Mi niko na homa ya siku mingi, kinywa kimeoza, na usaha haiko. Umeisha kufikiri ile maneno? Nitoe damu. Miye siwezi kusoma damu yangu, macho yatanidanganya."

Nilipaka. Nilichanganya maji. Niliinama. Seli nyekundu zilikuwa na rangi yake nzuri. Nikaanza kuokota maharagwe: njano, njano, njano, jeusi moja, njano. Nikasogeza kioo. Njano. Nikafika ukingoni ambako netrofili hupenda kujikusanya. Njano. Sahani ilikuwa na rundo la maharagwe ya njano na mengine machache tu. Mekundu yote yalibaki kwenye bakuli kama nilivyoyakuta.

Nikasema ni rangi. Nikasema ni mvua, imekuwa kali mno, imezifuta. Nikajidunga kidole, nikaweka damu yangu kando ya yake, maji yaleyale, dakika zilezile. Kwangu netrofili zilikuwa zimejaa, na vipande vyao vya viazi vimekaa wazi. Yeye alikuwa ananitazama mkono. Aliona kwamba kwenye damu yangu naokota mekundu.

"Basi," akasema. "Askari bamekimbia kambi."

Dokta Innocent alikuja, akaangalia mwenyewe, akauliza dawa zote alizomeza. Aliposikia dipirone akakaa chini. Alituambia kwamba kwa watu wachache sana dawa ile inaufanya mwili uziue netrofili zake mwenyewe. Ukiacha dawa, uboho unaamka. Kama wiki moja, pengine zaidi. Katika siku hizo kitu chochote kinaweza kumuua: kikohozi cha jirani, busu la mjukuu, saladi. Akamwekea dawa ya vijidudu kwenye mshipa. Akasema: chumba cha peke yake, chakula kilichochemshwa, na mtu asiingie.

Mnajua kwetu maana ya "mtu asiingie". Mgonjwa anatembelewa. Usipomtembelea unamtaka afe. Watu wanaingia kumi kwa mara moja, wanamshika mkono, wanamwekea viganja kichwani, wanakaa ukingoni mwa kitanda na watoto wao. Na mimi niliwekwa mlangoni.

Mama Masika alikuja na kikundi chake chote, sufuria za chakula, rozari, ngoma.

"Toka hapo, muuza makala."

"Mama, nasikia haya. Lakini haiwezekani."

"Ni dada yangu. Tulinyonya titi moja. Weye ni nani wake?"

"Ni mutu wa mulango tu, Mama."

"Sisi tunaleta sala, hapana magonjwa!"

"Sala inapita ata kwa ukuta. Imbeni pale inje, atasikia."

Waliimba nje. Mama Kavira ndani aliitikia kwa sauti iliyopasuka. Mama Masika aliimba huku akinitazama, na kila mstari ulikuwa unanihusu.

Siku chache baadaye mlima ukafunguka.

Wengine wenu mlikuwepo, mnakumbuka mbingu ilivyokuwa. Lava ilishuka upande wa Kibati, ikala nyumba, ikasimama ukingoni mwa mji kama mnyama aliyeshiba. Kisha ardhi ikaanza kutetemeka, siku na siku, kuta zikapasuka, mpaka serikali ikasema kwenye redio: ondokeni, moto uko chini ya mji na chini ya ziwa. Mji wote ukamiminika kwenye barabara ya Sake. Magodoro vichwani, mbuzi, vitanda kwenye chukudu, vikongwe mgongoni mwa wajukuu.

Dokta Innocent alipewa gari la kubeba wagonjwa. Alikuja chumbani, akasimama mbali kama alivyotufundisha.

"Mama Kavira, lazima niondoe wote."

"Kwa Sake tutalala wapi?"

Hakudanganya. "Shuleni. Kanisani. Barabarani."

"Batu ngapi kwa darasa moja?"

Akaanza kutoa chupa za dawa mkobani.

Mama Masika alikuwa ameshafika na pikipiki, kanga imefungwa kiunoni tayari. "Panda, Kavira. Moto uko chini ya kitanda yako!"

"Masika, moto unaweza kukuya, unaweza kuacha. Ile kinywa za batu za Sake zitakuya. Mi nabaki."

"Safari amekuloga!"

"Safari hajue kuloga. Hajue ata kupika maharagwe. Enda. Ukibaki hapa unikohoree, nitakufa mbele ya volkano kufika."

Mama Masika alilia kwa hasira, na akaondoka. Dokta aliniachia dawa na sirinji, akanionyesha namna ya kuosha mrija wa mshipa. Alinishika bega. Alikuwa na wagonjwa wengine garini, akina mama waliojifungua, mtu wa mguu uliovunjika. Alifanya alichopaswa kufanya.

Sijawahi kuona Goma namna ile. Mji ambao hata asubuhi ya Jumapili una kelele ulikuwa kimya. Unasikia mbwa wa mtaa wa Himbi ukiwa kwetu. Hakuna pikipiki, hakuna vumbi la magari, hakuna mtu wa kukohoa. Katika dunia nzima nadhani hakukuwa na chumba cha hospitali kisafi kuliko mji ule. Tuliogopa, nisiwadanganye. Ardhi ikitikisika, chupa zinagongana rafuni, naye ananiita: "Shika mikroskope mbele ya kunishika miye!" Umeme haukuwepo. Niliibeba hadubini hadi dirishani, nikageuza kioo chake kipate jua. Kila asubuhi tone moja la kidole. Kila asubuhi maharagwe ya njano.

Alizidi kudhoofu. Alikuwa hawezi kumeza hata uji. Asubuhi moja niliona maharagwe meusi yanaongezeka: monositi, wakubwa wenye kiini kama figo. Nikamwambia. Akafumba macho.

"Bale njo banatangulia," akasema kwa sauti ya chini. "Uboho umeamuka. Ngojea."

Na kweli, asubuhi nyingine, pembeni mwa kioo, nikaiona moja. Changa, kiini chake bado hakijakatika, kimejikunja kama kwato la farasi. Halafu nyingine. Nilichukua harage jekundu nikashindwa kuliweka kwenye sahani. Nilimpelekea kitandani nikamwekea kiganjani.

Aliamuru nimbebe mpaka dirishani. Akaangalia mwenyewe.

"Karibuni," akaziambia. "Mumechelewa. Kazi iko mingi."

Baada ya hapo shimo la jino likatoa usaha. Vijana, mmewahi kuona watu wazima wawili katika mji mtupu wanashangilia usaha? Nilipiga makofi. Yeye alilia.

Watu walirudi kutoka Sake na kuhara na vikohozi. Mama Masika alimkuta dada yake anakula. Alimkumbatia, akanipita mimi kama ukuta. Kwa miaka yote iliyofuata hakunisalimu. Mimi nilikuwa mtu aliyemzuia mlangoni akamfungia dada yake juu ya moto. Mama Kavira alimweleza mara nyingi, mpaka kuhusu vipokezi na maharagwe. Alisikiliza, akajibu kwamba Mungu ndiye aliyefanya.

Na Mama Kavira kwa kila mtu, sokoni, kanisani, kwa kila muuguzi, alijitangaza: "Mi na dipirone tuliachana. Asikuye tena kwangu ata kwa harusi." Hakuona haja ya kuliandika hilo kwenye karatasi. Kinywa chake kilimtosha.

Tulistaafu. Yeye alipata shamba la maharagwe Kibati, mimi miguu ilianza kuwasha tena, nikaenda kuzunguka upande wa Bukavu. Ndipo waasi wakarudi, safari hii wakishuka kutoka Rutshuru. Kibati ikawa mstari wa vita. Njia zikafungwa, nikabaki ng'ambo ya ziwa. Watu wa Kibati waliteremkia kambi ya Kanyaruchinya, mahema juu ya mawe ya lava, plastiki kwa plastiki, na Mama Kavira alikuwa ndani yao pamoja na dada yake.

Yaliyotokea nilisimuliwa na Mama Masika. Nilirudi kwa boti mambo yalipotulia kidogo, na siku moja akasimama mlangoni kwangu Katindo, amekonda, bila rozari. Nikamwambia karibu. Hakukaa.

"Alishikwa na malaria," akasema. "Ile ya kichwa. Akawa nasema maneno ya ovyo, anaita mama yetu, anahesabu maharagwe. Mi nilikuwa nimeenda kupanga foleni ya maji. Muuguzi akapita na sindano. Homa ilikuwa mingi, akamuchoma ya kushusha homa. Alichoma vile batu bote ya ile mustari."

Nilijua sindano gani.

"Malaria ikaisha. Nikasema asante. Kiisha koo ikaanza. Safari, nilimufungua kinywa. Vidonda bya kijivu, na usaha haiko." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu ule mlipuko. "Nikajua. Nikakimbia kwa muuguzi, nikamuambia yote, askari bamekimbia, mambo ya uboho. Alinisikia, hakunicheka. Akampa dawa yenye alikuwa nayo. Lakini mikroskope haiko pale, na gari la kumutoa pale haikuweza kupita."

"Ukafanya nini, Mama?"

"Nilikaa pa mulango. Kama weye. Nilikataza batu. Kikundi changu yote ya sala nilikifukuza, nikawaambia imbeni inje. Banamama banilaani. Nikapika maji yake, nikachemusha kikombe." Akanyoosha mikono yake miwili, akaipeleka kushoto na kulia. "Lakini hapa kuna hema, na hapa kuna hema. Nasikia mutoto anakohoa, iko kama anakohoa ndani ya sikio yangu. Hema haina mulango, Safari. Nilikaa tu pale kwenye mulango ungekuwa."

Alifariki siku hizo. Uboho haukupata muda.

Kuna siku namlaumu yule muuguzi na kuna siku simlaumu. Alikuwa kijana kama ninyi, mstari mrefu, homa kila hema, boksi moja la sindano. Kinachonikera hakitoki. Netrofili huishi siku moja, haikumbuki kitu, na hakuna wa kuilaumu, ndivyo ilivyoumbwa. Lakini kuna seli nyingine mwilini zinazokumbuka, na mwili wa Mama Kavira uliikumbuka dipirone vizuri sana, miaka yote ile, ukiingoja. Mwenye kumbukumbu pale hemani alikuwa ni mwili wake peke yake. Wengine wote walikuwa wapya: muuguzi mpya, kambi mpya, waasi wapya, na shirika jipya lenye fulana mpya.

Nanyi mtakutana na mgonjwa asiyeweza kusema. Kabla ya kuchoma, tafuteni dada yake. Hata kama yuko kwenye foleni ya maji, mngojeni arudi, mwulizeni dawa gani iliwahi kumwangusha mgonjwa wake. Na mkifungua kinywa kilichojaa vidonda mkakikuta kikavu na safi, msimsifu Mungu haraka. Chukueni kioo, wekeni damu yenu pembeni.

Mama Masika bado anakuja kwangu. Hatuongei sana. Nilimpa lile bakuli la bati, akayapanda maharagwe yote uani kwake. Yameota mchanganyiko, na mekundu ni machache.